Mwalimu Ernesta na Maneno Ishirini na Matano

Familia ya Mzee Hezroni Mmbaga inawashukuru nyote mliopanda mlima kuja Mhezi leo, Jumatano tarehe 11 Juni 2025. Marehemu mkewe, Mwalimu Ernesta, hakupenda wasifu unaosomwa misibani. Mara nyingi aliporudi kutoka mazikoni aliuliza, "Huyo aliyesomwa ni nani? Maana niliyemfahamu mimi hakuwa hivyo." Kwa sababu hiyo familia imekubaliana kumsoma kama alivyokuwa: mtu mwenye upendo, mkweli, na mwenye kutilia shaka karibu kila kitu alichoambiwa.

Ernesta Anderson Mgonja alizaliwa Vudee tarehe 9 Agosti 1970, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Anderson Mgonja na Mama Nanzia, ambao wote wametangulia. Alibatizwa Desemba mwaka huo huo. Mama yake alisimulia kwamba tangu mdogo uji aliunusa kwanza ndipo anywe, hata kama ameupika bibi yake.

Alianza darasa la kwanza Vudee mwaka 1978. Walipofika darasa la saba alikuja mpiga picha kutoka Same, akawapanga uwanjani, akawapiga picha na kuwaambia atazileta wiki ijayo. Ernesta alimfuata hadi njiapanda. Akamwomba kofia yake aishike mpaka picha zije. Yule bwana alicheka, akampa. Picha zilichukua wiki tano, na alipozileta alisema wazi kwamba amepanda kilima kile kwa ajili ya kofia. Picha hiyo ipo ukurasa wa pili wa kijitabu mlichoshika. Ernesta ni yule wa pembeni asiyecheka. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1988, akahitimu cheti cha ualimu mwaka 1991.

Julai 1992 aliajiriwa kufundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Mhezi, na mwaka 1999 akahamishiwa Same mjini. Waliopita mikononi mwake watakumbuka imla. Maneno aliyoyasoma Jumatatu hakuyasoma tena mpaka mwezi upite, na hata hapo aliyachanganya upya. Aliwaambia walimu wenzake kwamba mtoto aliyekariri hafichiki: kalamu yake huanza kuandika kabla mwalimu hajamaliza kutamka.

Ni hapa Mhezi alipokutana na fundi seremala kijana, Hezroni Elibariki Mmbaga. Hezroni alimtumia barua tatu nzuri sana. Baada ya ile ya tatu Mwalimu alimfuata karakanani, akamsogezea karatasi na kalamu juu ya ubao aliokuwa akiupiga randa, akasema, "Niandikie mistari miwili, hapa hapa." Hezroni aliandika mstari mmoja, akaweka kalamu chini. Barua zilikuwa zimeandikwa na dada yake, Agatha. "Basi niliyempenda ni dada yako," Mwalimu akamwambia. "Wewe anza upya." Akaanza upya, kwa mdomo, na ilimchukua mwaka na nusu. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, Agatha akiwa msimamizi wa bibi harusi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Devotha, Elibariki na Namsifu.

Mwaka 2012 Mwalimu aliugua kifua kikuu sugu. Alilazwa mbali na nyumbani, akadungwa sindano kila siku kwa miezi minane. Alipona. Lakini tangu mwezi wa tano wa sindano alisikia mlio masikioni kama wa nzi ndani ya chupa, akauliza kama ni ile dawa. Aliambiwa hakuna neno, ni uchovu. Kufikia Aprili 2013 mlio ule ulikuwa umebaki peke yake; sauti nyingine zote zilikuwa zimeondoka. Ndipo alipoelezwa kwamba dawa ile inajulikana kuharibu masikio ya baadhi ya wagonjwa. Alilia mara moja, mbele ya Hezroni, akasema, "Sindano ilibidi nichomwe, najua. Lakini walikuwa wanajua na mimi sijui." Mwaka 2014 aliacha kazi.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi kwa yeyote nyumbani. Familia ilizungumza naye kwa kuandika kwenye daftari. Watu wakicheka mezani, alitaka aandikiwe kilichochekesha. Akiandikiwa, hakuridhika. "Mmeongea muda wote huo, mimi umeniandikia mstari mmoja. Mengine yako wapi?" Alijifunza kusoma midomo mwenyewe, bila kufundishwa, na aliamini alichokisoma.

Tarehe 26 Desemba 2015, siku ya pili ya Krismasi, alisimama dirishani hapa hapa Mhezi akamwona wifi yake Agatha akizungumza na Hezroni nyuma ya zizi. Alisoma kwenye midomo ya Agatha: mke mwingine. Akasoma tena: mke mwingine, mapema, kabla ya masika. Alifunga mizigo, akashuka Same na gari la mchana. Agatha alimwandikia kurasa nne kueleza kwamba alikuwa anamwambia kaka yake apande mche mwingine wa mparachichi, ule wa kwanza umeliwa na mchwa. Mwalimu alirudisha barua. Alipopelekwa kuonyeshwa mche wenyewe, alisema umepandwa kufunika uongo. Kwa miaka mitano mawifi hawa, waliokuwa wakivaa khanga za jozi moja, hawakusalimiana.

Mwaka 2018 Devotha, aliyekuwa akifanya kazi ya uuguzi Dar es Salaam, alisikia kwamba watafiti wa hospitali moja wanatafuta watu wazima waliopoteza usikivu. Waliochaguliwa wangepandikizwa kifaa: uzi mwembamba ndani ya sikio, na mashine ndogo ya nje inayoshikwa na sumaku juu ya ngozi nyuma ya sikio. Watafiti walitaka kulinganisha njia mbili za kupanga sauti za mashine hiyo, ya zamani na mpya, waone ipi inamsaidia zaidi msikilizaji wa Kiswahili.

Mwalimu alikataa, mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwenda kuuliza maswali tu. Aliyeongoza utafiti, Daktari Paschal, alimjibu kwa kuandika, na karatasi hizo familia inazo.

"Wewe unapata nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nikifanikiwa, jina langu litajulikana, na huenda nikapanda cheo."

"Na mimi nikiharibikiwa?"

"Unaweza kupata kizunguzungu, maambukizi, ladha ya mdomo ikabadilika. Na unaweza usisikie chochote."

Alimwambia Devotha kwamba huyo ndiye daktari wa kwanza kumjibu bila kumbembeleza. Hata hivyo fomu ya ridhaa aliondoka nayo. Alikaa nayo wiki tatu, akairudisha imesahihishwa kwa kalamu nyekundu, makosa kumi na saba ya Kiswahili, pamoja na swali moja: mradi ukiisha, nani atatengeneza mashine ikiharibika? Hakutia saini mpaka jibu liliporudi limepigwa muhuri.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 12 Machi 2019. Mashine iliwashwa tarehe 16 Aprili. Devotha alisema, "Mama, shikamoo," na Mwalimu akashika kichwa. Alisema ni kama kuku wamefungiwa ndani ya debe. Siku mbili nzima aliamini wamemwekea redio mbovu. Siku ya tatu alisikia mlango ukifungwa nyuma yake, akageuka, akakuta kweli umefungwa. Alikaa chini.

Kila baada ya miezi mitatu alipanda basi kwenda Dar es Salaam kupimwa. Safari hizo alikwenda na Mzee Habibu Mrutu, muuza vipuri vya bodaboda wa Same mjini, naye mshiriki wa utafiti. Upimaji ulikuwa hivi: Bi Salha, binti mpole aliyehusika na vipimo, alimkalisha kwenye chumba kisicho na mwangwi. Spika ilitamka neno, taa ndogo ikawaka, msikilizaji akarudia alichosikia. Maneno yalikuwa ishirini na matano. Mwezi wa tano Mwalimu alipata sita. Mwezi wa nane akiwa kwenye njia ile ile ya zamani alipata kumi na matatu. Mwishoni mwa Agosti wakamhamishia njia mpya, na Novemba majibu yake yalikuwa yanatoka bila kusita. Bi Salha alimpigia makofi. Daktari Paschal alisema njia mpya inafanya maajabu.

Lakini nyumbani hapakuwa na maajabu. Kanisani alishika neno moja moja la mahubiri. Hezroni akimwita kutoka uani, alisikia kelele isiyo na maneno. Kwa hiyo siku ile ya Novemba, katikati ya kipimo, alijitazama mwenyewe kama alivyowatazama watoto wa darasa la nne kwa miaka ishirini, akagundua kwamba mdomo wake unafunguka kabla spika haijamaliza. Baada ya kiberiti linakuja mlango. Baada ya mlango, samaki. Orodha ilikuwa ni ile ile tangu siku ya kwanza, kwa mpangilio ule ule.

Bi Salha aliposema warudie kwa mara ya mwisho, Mwalimu alipeleka mkono ndani ya kitambaa cha kichwa, akaibandua sumaku. Chumba kikafa. Akafuata taa tu. Ilipowaka akasema kiberiti. Ilipowaka tena akasema mlango. Alipata ishirini na matatu, akiwa kiziwi kabisa.

Kwenye kantini ya hospitali alimwambia Mzee Habibu. Yeye hakushangaa, aliitaja orodha yote kwa vidole, akaimaliza.

"Mwalimu, nakuomba, lifunike hili," alisema Mzee Habibu. Kwa sababu wote wawili walikuwa wakisikia kwa shida, ilibidi aseme karibu na uso wake, taratibu. "Februari wafadhili wanakuja. Wakiridhika, kundi la pili linapandikizwa. Watoto tu, kumi. Na Maua yumo."

Maua ni mjukuu wake, aliyezaliwa bila kusikia. Wakati huo alikuwa anakaribia miaka minne.

"Mzee, mashine za hao watoto zitapangwa kwa njia waliyoipima kwetu," Mwalimu akasema. "Na hawajapima masikio yetu. Wamepima tulichokariri. Kama njia mpya ni mbaya kuliko ya zamani, nani atajua? Mtoto hawezi kusema."

"Na wakifunga mradi, Maua atapata njia ipi?"

Mwalimu alikwenda na swali hilo mpaka Februari. Hezroni anasema miezi hiyo mkewe alimshuku kila mtu: alidhani Daktari Paschal anajua na ananyamaza, alidhani Bi Salha ameagizwa, alidhani hata Devotha amefichwa jambo. Aliyemshuku zaidi alikuwa yeye mwenyewe. Alimuuliza mumewe kwenye daftari, maana mambo mazito bado waliandika: Nataka kusema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu wale wa sindano hawakuniambia? Hezroni aliandika chini yake: Yote mawili. Sema.

Tarehe 18 Februari 2020, asubuhi ya siku moja kabla ya wageni, aliomba Daktari Paschal aje kukaa kwenye kipimo. Yalipotoka maneno matano ya kwanza, aliibandua mashine, akaiweka mezani mbele ya daktari, akaendelea kujibu. Alifika neno la ishirini na tano huku Bi Salha amejifunika uso kwa mikono miwili.

Daktari alichukua karatasi akaandika, na kalamu ilitoboa karatasi: Umeharibu mwaka mzima wa kazi.

Mwalimu akasema kwa sauti, "Mwaka ulishaharibika, daktari. Mimi nimekuonyesha tu."

Kwa heshima ya Daktari Paschal, ambaye yuko kati yetu hapa, isemwe kwamba kesho yake aliwaambia wageni yote, na aliyataja makosa kuwa yake. Mradi ulisimamishwa. Ukaja ugonjwa wa korona, ukasimama zaidi. Pale Same baadhi ya washiriki walimwita Mwalimu mchawi. Mzee Habibu alipomwona sokoni alivuka barabara.

Mwaka 2021 Mwalimu alipigiwa simu, na Namsifu akapokea. Bi Salha alitaka amsaidie kutunga orodha mpya. Mwalimu alidhani ni mtego, akataka barua. Barua ilipokuja, alikusanya walimu wanne wastaafu sebuleni kwake, wakatunga orodha thelathini, zenye maneno ambayo watu huyasema kweli, zikarekodiwa kwa sauti za wanawake na wanaume, nyingine zikiwa na kelele za stendi ya Same nyuma yake. Kompyuta ilizichanganya upya kila mara. Walihitaji pia maneno ya jozi, yanayokaribiana. Mwalimu ndiye aliyeandika mke na mche.

Alipopimwa kwa orodha mpya, alipata maneno tisa kati ya ishirini na matano. Kwenye jozi, spika ilisema mche mara kumi, na mara saba yeye alisema mke. Bi Salha alimwonyesha karatasi. Mwalimu aliomba arudiwe huku anaona mdomo, na Bi Salha akatamka mwenyewe, bila kutoa sauti. Alikosea tena.

Hakusubiri siku ya pili. Alipanda basi, akalala Same, asubuhi akapanda mlima. Agatha alikuwa anachambua maharage ya makande mlangoni.

"Wifi," Mwalimu akasema, bado amesimama, "siku ile ulisema nini?"

"Mche."

"Rudia."

"Mche, wifi. Miaka mitano nakwambia mche. Twende ukauone, umeshazaa."

"Sihitaji kuuona," akasema Mwalimu, akaketi chini akaanza kuchambua maharage naye. Agatha anasema alikuwa ameandaa maneno makali kwa ajili ya siku hiyo, ameyaweka miaka yote, na yalimpotea.

Kundi la pili lilipandikizwa Septemba 2022. Orodha mpya zilikuwa zimeonyesha kwamba njia mpya haikuwa bora. Kwa watu wengi ilikuwa inapoteza sauti za mwanzo wa neno. Watoto tisa walipangiwa ile ya zamani, iliyorekebishwa. Maua alikuwa mmoja wao, lakini alikuwa amefika miaka sita na nusu, na kila mwaka unaopita mtoto bila kusikia humpunguzia wepesi wa kushika maneno. Mtoto wa kumi wazazi wake waliamua kumtoa. Mwalimu alimuuliza Daktari Paschal kama kuchelewa kule kumemdhuru Maua. Alijibiwa kwamba hakuna anayeweza kujua. Hakuliamini jibu hilo, na hakuacha kuuliza.

Alichofanya ni kwenda kwa Mzee Habibu. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili ulifunguliwa na Maua mwenyewe. Kuanzia Januari 2023, siku tatu kwa wiki, Mwalimu Ernesta alimfundisha mtoto huyo kusikia na kutamka. Na kwa sababu aliona maneno ya mdomo yanakuja kwa taabu, yeye mwenyewe akiwa na miaka hamsini na miwili alikwenda kujifunza lugha ya alama, ili mtoto asikae akisubiri maneno bila kuwa na kitu cha kusemea. Mzee Habibu alikaa miezi minne akiwatazama kutoka dukani. Siku moja alileta kiti cha tatu.

Mwishoni mwa mwaka jana Mwalimu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Ilionekana kwamba moyo umepanuka. Alitibiwa Same na Moshi, na kila kidonge alikiuliza jina na madhara yake kabla ya kukimeza. Wauguzi walimzoea, wakawa wanamsomea kabla hajauliza. Tarehe 30 Mei alilazwa Same. Watu wengi walimwona, na kwa kila aliyekuja aliivaa mashine.

Alhamisi tarehe 5 Juni, mchana, daktari wa wodi alimwomba Hezroni watoke nje kidogo. Agatha aliyekuwa amekaa kitandani alijua kitakachofuata: Mwalimu ataongeza sauti ya mashine, atawatazama midomo kupitia kioo cha mlango, kisha Hezroni akirudi atahojiwa neno kwa neno. Mwalimu aliwatazama, kweli, kwa muda mfupi. Halafu alipeleka mkono nyuma ya sikio, akaibandua ile sumaku, akaiweka kwenye kiganja cha Agatha na kukifunga vidole. Akageukia ukutani. "Waache waongee," alisema. "Hezroni ataniambia kinachonihusu."

Hezroni aliporudi alimkuta amelala, na hakumwamsha. Mwalimu Ernesta aliaga dunia saa moja asubuhi, Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, akiwa na miaka hamsini na minne.

Ameacha mume, Hezroni, watoto watatu, Devotha, Elibariki na Namsifu, wajukuu wawili, kaka wawili na dada mmoja kule Vudee, wifi yake Agatha, na mwanafunzi wake wa mwisho, Maua, aliye darasa la pili, anayesimama hapa mbele akiwatafsiria wageni wetu wasiosikia, kwa mikono, kila neno lililosomwa.

Mwenyezi Mungu ampokee mwalimu wetu, ampe kupumzika, na amjibu yote aliyokuwa bado anauliza. Amina.